Shamba Lisilopandwa Mgomba

Ukiwauliza watu wa Matwebe habari za Atuganile, wataanzia mwisho. Watakwambia ni mwanamke mwenye roho mbaya, aliyeua ardhi ya kaka yake wa tumbo moja akiwa na akili zake timamu, na sasa anauza viazi pale Bulyaga, mjini Tukuyu, na kucha zake ni safi kama za karani. Hawasemi uongo. Ila wanaanzia pale panapowafaa wao, na mimi tabia hiyo inanikera. Nitaanzia mwanzo, na asiyetaka kusikia, njia ni nyeupe.

Atuganile aliolewa kijiji cha Suma akiwa binti mdogo, na ng'ombe wa mahari yake hawakukaa sana katika zizi la baba yake. Waliingia leo, kesho wakatoka kwenda kumwoa Jenifer awe mke wa Jotham, kaka yake. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwa Wanyakyusa, dada akiolewa kaka anapata mke. Kwa hiyo Jotham alipokuwa akila ugali wa Jenifer alikuwa anakula ng'ombe wa Atuganile, na kila mtu kijijini alilijua hilo isipokuwa, inaelekea, Jotham mwenyewe.

Ndoa ya Suma haikuzaa mtoto. Mume akaoa mwingine, yule mwingine akazaa, na Atuganile akawa mtu wa kuteka maji ya kumwogeshea mtoto wa mwenzake, maji yakichelewa anapigwa. Alivumilia mpaka siku alipong'olewa jino, ndipo akafunga sufuria kwenye kanga, akabeba jembe, akarudi kwao. Baba yake alikuwa ameshakufa. Ardhi yote ilikuwa ya Jotham.

"Karibu, dada," Jotham alisema. "Hapa ni kwenu."

Akampa chumba kilichoshikana na jiko, na kwa kuwa mtu mzima hawezi kulishwa tu kama kifaranga, akampa na shamba la kuazima kule mteremkoni. Msifikiri alimpa shamba. Alimpa kitu kilichowahi kuwa shamba. Miaka ya mbolea rahisi, ghala la ushirika lilipokuwa linamwaga mifuko ya mbolea ya chumvichumvi karibu na bure, Jotham alilima pale mahindi juu ya mahindi. Majani aliyachoma kila mwaka ili shamba lionekane safi. Matuta aliyavuta kutoka juu kwenda chini, kwa sababu mgongo hauumi sana ukilima hivyo, na mvua za Rungwe, ambazo mnazijua, zikapita humo humo kwenye mifereji zikiondoka na kila kilicholainika. Kilichobaki kilikuwa udongo mwekundu mgumu na mawe. Mahindi yalikuwa yakifika gotini, yanachoka, yanatoa gunzi la kuku.

Jotham alimkabidhi mbele ya Ezron, balozi wa nyumba kumi, ili pasiwe na maneno baadaye.

"Lima chochote, dada, mpaka utakapochoka," alisema. "Ila mgomba usipande. Wala kahawa, wala mti wa aina yoyote."

"Nimesikia, kaka. Ndaga, asante."

Asiyetoka kwetu anaweza kuona sharti hilo ni la ajabu, lakini halikuwa la ajabu. Kwetu mtu akipanda mgomba amejipanda yeye. Mgomba hauondoki na msimu, unazaa mtoto na mjukuu pale pale, na mwenye ardhi akitaka kukuondoa lazima akulipe kila shina mbele ya mashahidi. Mwazimaji hupanda kinacholiwa kikaisha: mahindi, maharage, viazi. Atuganile aliijua sheria hiyo kabla hajaota meno, na alimheshimu kaka yake. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

Sasa sikilizeni alivyolima, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Hakuwa na mbolea ya dukani, akarudia kilimo cha mama yake, kile ambacho watu walikuwa wamekiacha wakikiita kilimo cha wasiosoma. Alikata majani, akayalaza mstari, akayafunika kwa udongo yawe tuta, na matuta yote akayakingamisha na mteremko ili maji yakija yasimame, yanywewe. Hakuchoma hata unyasi mmoja. Kati ya mahindi alipanda maharage, kunde na maboga, ili jua lisiione ardhi uchi. Mabua baada ya mavuno hakuyatoa. Siku za gulio alitembea mpaka Bulyaga na kiroba kitupu, akirudi na kiroba kimejaa maganda ya ndizi, majani ya kabichi na mavi ya mbuzi waliofungwa kusubiri kuchinjwa, kiroba kichwani, maji yake yakimtiririkia shingoni. Watu wakampa jina la Mama Jalala. Watoto wa Jotham mwenyewe walikuwa wanaziba pua akipita, na Jenifer hakuwakataza.

Msidhani mwaka wa kwanza ardhi ilisema asante. Ardhi iliyochoka ni kama mgonjwa wa siku nyingi, ukimlisha anatapika. Alivuna madebe ya kuhesabika, akala jikoni kwa Jenifer, na kula jikoni kwa Jenifer ilikuwa adhabu. "Kula, wifi," Jenifer alikuwa akisema, "hatujui mume wako wa majani atakulisha lini." Mwaka wa pili ulikuwa nafuu kidogo tu. Huo ndio ugumu wa kilimo kile ambao wanaokisifu hawausemi. Jasho unalitoa leo, chakula kinakuja keshokutwa, na hapo katikati tumbo linadai kila asubuhi. Mwenye mume na ng'ombe anaweza kusubiri. Atuganile alisubiri kwa kuchuma chai ya watu mchana na kulima lake jioni, mpaka magoti yakaanza kulia.

Katika zile taka za sokoni kulikuwa na kisiki cha mgomba. Kikachipua. Siku moja alipokuwa anapalilia akaona jani limejikunja, bichi, linatoka kwenye tuta kama mtu anayechungulia. Wewe ungefanyaje? Mimi ningenyamaza, ningesema Mungu ndiye aliyepanda. Yeye alikwenda kumwita Ezron, akaung'oa ule mgomba mbele yake, akauchimba mpaka mzizi wa mwisho, akautupa njiani.

"Mwanamke mwaminifu wewe," Ezron alimwambia. Atuganile alifurahi siku nzima kwa neno hilo.

Miaka ikaenda. Udongo ukaanza kubadilika rangi, kwanza kwenye matuta, kisha na kwenye mifereji. Ukichimba unakutana na nyungunyungu. Mkono wake ulizama mpaka kwenye kiwiko pale ambapo zamani jembe lilikuwa linadunda. Akajilisha mwenyewe, akaacha kuingia jiko la Jenifer, na ikawa Jenifer ndiye anayekuja kuomba maharage.

Ndipo yakaja yale mambo ya soko huria. Serikali ikaondoa ruzuku ya mbolea, ghala la ushirika likafungwa, popo wakahamia. Mbolea ikapatikana kwa Rajabu, mfanyabiashara wa Bulyaga ambaye babu yake alitoka pwani, na bei yake ilimfanya mtu auangalie mfuko kwa mbali kama jeneza. Watu wakawa wananunua kwa kopo, wanaweka kila shina kwa kizibo cha soda. Mashamba yaliyozoea kulishwa yakalala njaa. Mwaka ule mahindi ya Matwebe yalikuwa ya njano kila upande, na katikati ya ile njano mteremko wa Atuganile ulisimama mweusi kwa ubichi, unaonekana mpaka barabarani. Walioziba pua wakaanza kusema ana dawa.

Rajabu, ambaye miaka yote alimwachia achote taka nyuma ya duka lake, alimwita siku moja akamkalisha kwenye ndoo.

"Dada Atu, nimesikia sifa za shamba lako. Lina mgomba?"

"Halina. Ni la kuazima."

"Basi panda. Panda hata mmoja, leo."

"Bwana Rajabu, nilimwahidi kaka yangu."

"Kaka yako alikuahidi nini wewe?"

Atuganile alicheka. "Amelala tumbo nililolala mimi. Hawezi kunigeuka." Akajitwika kiroba chake, akaondoka, na Rajabu akabaki anatikisa kichwa.

Shamba zuri halifichiki. Bwana shamba wa kata, kijana mmoja aitwaye Simon, alikuwa anatafutia mradi fulani shamba la mfano. Wafadhili walikuwa na mitamba wa maziwa wa kugawa, na mtamba mmoja alikuwa wa mwenye shamba lililotunzwa vizuri kuliko yote. Simon akawaleta wageni mteremkoni. Wakachimba, wakanusa udongo, wakapiga picha matuta. Jotham alikuwa amevaa koti. Atuganile alikuwa mtaroni, tope mpaka magotini.

"Hili shamba ni la nani?" mgeni mmoja aliuliza.

"La kwangu," Jotham akajibu. "Huyu ni dada yangu, ananisaidia."

Simon alimtazama Atuganile, kama anayesubiri neno. Atuganile akainamia jembe. Alijiambia kwamba kaka yake hawezi kuwaeleza wageni hadithi ndefu, na kwamba kwa kweli ardhi ni yake. Tena alikuwa na furaha, maskini wa Mungu, kwa sababu alikuwa anafikiria samadi. Mtamba akaletwa, akafungwa nyumbani kwa Jotham, na Atuganile ndiye aliyemkatia majani, aliyemfagilia banda, aliyebeba samadi yake mbichi kupeleka mteremkoni. Aliongeza unono kwenye shamba akidhani analinenepesha lake.

Viazi ndivyo vilivyomaliza kazi. Malori ya Dar es Salaam yalianza kufika mpaka vijijini, madalali wakinunua viazi kwa lumbesa, magunia yaliyojazwa mpaka kufurika, na kila mwenye kipande cha udongo laini akaona utajiri. Jotham akauangalia mteremko kwa macho mapya. Siku Atuganile alipomaliza kuvuna mahindi, hata mabua hajayalaza, Jotham akamwambia mlangoni, amesimama, hakukaa.

"Dada, lile shamba nalihitaji."

Atuganile alidhani hakusikia. "Kwa msimu mmoja?"

"Nalihitaji. Nina watoto wa kusomesha. Wewe huna."

Wakaenda kwa Ezron. Walikaa uani wazee wachache, Jenifer kwenye mkeka, Jotham kwenye kiti. Ezron hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria aliijua.

"Binti yetu," alisema, "katika shamba la kaka yako umepanda migomba mingapi?"

"Sikupanda, balozi. Ule mmoja niliung'oa mbele yako."

"Kweli, nakumbuka. Kahawa?"

"Hakuna."

"Mti wowote?"

"Hakuna. Lakini balozi, kaka alinipa mawe. Ule udongo nimeutengeneza mimi, kwa kichwa hiki na magoti haya. Nendeni mkauguse."

"Tumeuona. Hakuna anayekataa," Ezron alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko kofi. "Ila udongo hauhesabiki. Ungekuwa na mashina ya migomba ningeyahesabu moja moja, ningemwambia kaka yako, lipa. Udongo nitauhesabuje? Nao ulikuwepo kabla hujarudi, ni wa marehemu baba yenu."

"Ningepanda mgomba, ningelipwa?"

"Ungelipwa. Tungekulaumu, lakini ungelipwa."

Mzee mmoja akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Jotham alisema yeye hakumfukuza mtu, chumba chake kipo pale pale. Kikao kikaisha, Jenifer akakunja mkeka. Atuganile alirudi mteremkoni peke yake, akakaa kwenye tuta, akachukua udongo akaujaza kwenye mapaja kama mtoto, akakaa nao hivyo mpaka mvua ilipomfukuza. Roho ilimuuma sana, na chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine. Alijiona mjinga. Uaminifu wake ndio uliomnyang'anya.

Jotham akapanda viazi, matuta kutoka juu kwenda chini. Alivuna magunia ambayo Matwebe haikuwahi kuyaona, akaezeka bati. Msimu uliofuata alivuna nusu yake. Masika moja ilipita na kuchota matuta yote mpaka mtoni, na kabla mtamba hajafika uzao wa tatu mawe yalikuwa yamerudi juu, pale pale yalipokuwa.

Na Atuganile? Hapa ndipo mtaona binadamu alivyo. Watu wakaanza kumjia mlangoni. "Mama, nina kipande changu kimechoka, kichukue ulime bure, miaka yoyote." Walikuja wanawake waliomwita Mama Jalala, wakaja na wazee waliokaa uani kwa Ezron, kila mmoja na mfupa wake wa ardhi anataka autie nyama kisha amrudishie. Wote aliwakataa. Mwishowe akaja Jenifer, na mkungu wa ndizi.

"Wifi, kaka yako ana lile shamba la bondeni. Halijafa, linaumwa tu. Anasema ulilime."

"Kwa masharti gani?"

"Yale yale."

"Ayaseme mbele ya balozi."

Jotham akayasema mbele ya balozi, amejaa tabasamu. Lima chochote, mpaka utakapochoka, ila mgomba usipande.

"Chochote?" Atuganile aliuliza.

"Chochote, dada. Wewe ndiye mtaalamu."

Siku ya kwanza alikata majani yote ya bondeni, akayalundika, akayawasha moto. Alilia. Kiberiti kilimponyoka, akakiokota, akawasha tena. Mimi sitamtetea. Ardhi ile haikumkosea kitu, na yeye kuliko mtu yeyote pale Matwebe alijua anachokifanya, kwa sababu anayejua kufufua anajua pia kila mlango ambao kifo hupitia. Rajabu alimpa mbegu na mbolea ya chumvichumvi, wakagawana viazi. Matuta aliyaelekeza mtoni yakiwa yamenyooka. Alipanda viazi juu ya viazi, hakufukia jani, hakuacha bua, magugu aliyakwangua mpaka ardhi ikawa tupu kama sakafu, na mvua ilipokuja alisimama kando akaangalia maji yanavyoondoka mekundu. Akipita njiani watu walimsalimia kwa heshima. Waliona magunia yanapanda lori, wakasema Atu anajua, mwacheni.

Ardhi ikatoa yote iliyokuwa nayo. Alipoona viazi vimekuwa vidogo kama vya nguruwe, akapanga chumba Bulyaga, akatuma ujumbe kwa Jotham na kwa balozi kwamba amechoka, waje wapokee shamba.

Walikuja wote wawili, Jotham mbele, anatembea haraka kama mtu anayekwenda kupokea mtamba mwingine. Alifika ukingoni akasimama. Akashuka, akapiga goti, akachimba kwa vidole, akakutana na kokoto. Akasogea, akachimba tena. Ezron alikuwa ameshaelewa, akawa anaangalia mtoni.

"Umefanya nini, Atu?" Jotham aliuliza, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya mdogo kwa mkubwa. "Udongo wangu uko wapi?"

"Nimelima, kaka. Mgomba sikupanda."

"Nakuuliza udongo."

"Udongo hauhesabiki," Atuganile alisema. "Muulize balozi."

Akaliweka jembe lake chini, pale mbele ya kaka yake, kwa sababu hakulihitaji tena, akapanda kwenda barabarani kusubiri gari la Tukuyu.